Buibui Akilala Chali, Usimguse

Jamani, juzi sikulala. Tarantula wangu, aliyegoma kula wiki mbili, nilimkuta chali, miguu juu. Nikatamani kumgeuza kwa kidole, lakini nikajizuia. Buibui aliyekufa kwa kawaida hukunja miguu chini ya mwili. Anayelala chali mara nyingi anajivua gamba ili akue. Mwili mpya ni laini, ukimgusa utamjeruhi. Nikamtoa nyenje niliyemwekea awe chakula, asije akamng'ata, nikaacha maji, nikazima taa.

Kompyuta ikiwa katikati ya kusasisha programu, huchomoi waya. Hapa pia, kwa maoni yangu, huruma ya haraka ndiyo huua.

Alfajiri alikuwa amesimama kando ya gamba kuukuu! Chakula nitampa wiki ijayo, chonge zikishakuwa ngumu. Wewe ungeweza kungoja?