Wanyama Wetu Siku za Sikukuu

Idi inapowadia na fataki kuanza kuripuka mitaani tangu magharibi, yatupasa tuwakumbuke paka na mbwa tuwafugao, ambao masikio yao, kwa kuwa yasikia zaidi ya yetu, huwatia hofu hata wakatoroka wasijue njia ya kurudi. Basi na wafungiwe chumba cha ndani, madirisha yameshindikwa, maji yakiwa karibu. Mifupa iliyopikwa, ambayo wengi huwatupia kwa huruma, wasipewe kabisa, maana hupasuka vipande vikali vya kutoboa matumbo. Na mwenye kumtembeza mbwa adhuhuri aweke kwanza nyuma ya kiganja chake juu ya lami: akishindwa kustahimili, amrudishe mnyama nyumbani, angoje jua lipungue.