Ufadhili si Bahati Nasibu: Neno kwa Walimu wa Kiswahili kutoka Rugaaga



Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, vijana wa Rugaaga huja mlangoni kwa mwalimu. Huja wawili wawili, viatu vimejaa vumbi la njia ya Nakivale, kila mmoja na bahasha yake mkononi. Swali lao ni lile lile: "Mwalimu, chuo gani ni rahisi, na ni nani atakayenisaidia kulipa?" Nasi walimu tuna jibu letu tulilolizoea: "Wewe omba ufadhili tu, mwanangu. Mungu atajalia." Kisha twamsindikiza hadi njiani kwa heshima, naye huenda zake na bahasha yake.

Mimi mwenyewe nimelitoa jibu hilo mara nyingi. Leo naandika ili kulikana, na kuwaomba wenzangu walikane pamoja nami.

Jibu hilo lina makosa mawili. Kosa la kwanza ni la hesabu. Ufadhili upo, wala sisemi haupo. Serikali ya Ujerumani ilianzisha mwaka 1992 mpango wa DAFI, uliopewa jina la Albert Einstein, ambaye naye alikuwa mkimbizi, na mpango huo umewasomesha wakimbizi wengi vyuoni, wa Uganda wakiwamo. Wapo pia wafadhili wengine wanaowachukua vijana hodari kutoka jamaa maskini. Lakini tazameni idadi. Mwaka 2019 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilipoweka shabaha ya kufikisha asilimia 15 ya vijana wakimbizi katika elimu ya juu ifikapo mwaka 2030, waliokuwa wamefika huko duniani kote walikuwa asilimia 3 tu. Kufikia mwaka 2023 walikuwa asilimia 7. Basi katika kila vijana mia, 93 walikuwa bado nje ya lango. Ukimwambia kijana "omba ufadhili" ukaishia hapo, umemwonyesha mlango upitao wachache, ukaufumbia macho umati uliobaki uani.

Kosa la pili ni la uadilifu. Jibu hilo humgeuzia kijana umaskini wake kuwa aibu yake binafsi. Asipopata, hujiona hakusali vya kutosha, au hakuandika barua yake kwa Kiingereza kizuri. Katika udhaifu huo huja walaghai. Wapo watu wanaouza fomu za ufadhili, wanaodai "ada ya kufungua faili", wanaoahidi nafasi ng'ambo kwa malipo ya mkono kwa mkono. Kila mwalimu na awaambie wanafunzi wake, tena darasani na kwa sauti, kwamba huduma za mashirika ya wakimbizi hazilipiwi, na kwamba mfadhili wa kweli hamtozi maskini ili amsaidie. Somo hilo peke yake lingeokoa mbuzi na majembe mengi yaliyouzwa bure.

Tukimkatalia kijana jibu la bahati nasibu, tumpe jibu gani? Kwanza tumfundishe kuhesabu. Neno "rahisi" lina ulaghai ndani yake. Kijana huona karo katika tangazo akadhani ndiyo bei ya chuo, kumbe karo ni sehemu moja tu ya mzigo. Kuna michango mingine nje ya karo, kuna mitihani, kuna chumba, kuna chakula, kuna nauli. Tuchukue mfano wa kubuni. Chuo cha kwanza kiko Kampala, karo yake shilingi 700,000 kwa muhula. Cha pili kiko Mbarara, karo yake shilingi 900,000. Kijana atakimbilia cha kwanza. Lakini chumba Kampala kikimgharimu shilingi 150,000 kwa mwezi, kwa miezi minne atakuwa ametoa 600,000, na jumla yake ni 1,300,000 kabla hajala. Mwenzake wa Mbarara analala kwa shangazi yake, na mahindi na maharage yanatoka shambani Rugaaga. Ni nani kati yao aliye katika chuo rahisi? Mbarara kuna chuo kikuu cha umma, kile cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, na kuna vyuo vya watu binafsi na vya madhehebu. Jedwali la kila kimoja na libandikwe katika ofisi ya mwalimu, likionyesha gharama yote, wala si karo peke yake.

Tena tumfundishe habari za vyeti. Kijana aliyemaliza masomo Bukavu au Bujumbura huleta cheti kilichoandikwa kwa Kifaransa. Hapa Uganda cheti hicho cha sekondari hakina budi kutafsiriwa na kulinganishwa na Baraza la Mitihani la Taifa kabla ya chuo kukipokea. Na kama amekwisha kusoma chuoni huko kwao, cheti cha chuo hupelekwa kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Kazi hiyo ina ada na ina muda wake. Kijana asiyejua hungoja mpaka mwezi wa kuingia chuoni, na mwaka mzima ukampotea. Huyo hakushindwa na umaskini. Alishindwa kwa sababu sisi tuliojua hatukumwambia.

Lakini kuhesabu hakumalizi neno, na hapa ndipo ninapotaka kugombana na wakubwa na wadogo. Mwananchi wa Uganda aliye maskini ana milango ambayo mkimbizi hana. Serikali hugharimia wanafunzi wapatao 4,000 kila mwaka katika vyuo vya umma, na mwaka 2014 ilitungwa sheria ya kugharimia wanafunzi wa elimu ya juu, iliyoweka mikopo kwa Waganda. Mkimbizi hayumo. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1976, unasema katika kifungu cha 22 kwamba katika elimu ya msingi mkimbizi atendewe sawa na raia. Katika elimu iliyo juu ya hiyo, unasema atendewe kwa wema kadiri iwezekanavyo, wala asiwekwe chini ya wageni wengine, na unataja waziwazi kutambuliwa kwa vyeti, kupunguziwa ada na kupewa ufadhili. "Kadiri iwezekanavyo" ni maneno mapana mno. Ndani yake mtu mkarimu aweza kujenga nyumba, na mtu mchoyo aweza kujificha.

Wako watakaosema: "Mwenyeji wa Rugaaga naye ni maskini. Mkopo wenyewe haumfikii kila Mganda. Mbona mnamlilia mgeni?" Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani mtoto wa mkulima wa Isingiro na mtoto wa mkimbizi hukaa dawati moja na wote wawili hurudi nyumbani na njaa. Lakini mimi siombi kipande cha mkate wa mwenyeji akatiwe mgeni. Naomba mkate uongezwe, na unga upo. Upo katika lugha hii tunayoifundisha.

Tazameni jambo la ajabu. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, umekitia Kiswahili katika masomo ya lazima ya kidato cha kwanza na cha pili. Mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha tena kukifanya lugha rasmi ya nchi. Amri zimejaa, walimu hawapo. Shule ngapi hapa magharibi zina kipindi cha Kiswahili katika ratiba, na hakuna wa kukishika? Na wakati huo huo, katika makazi ya Nakivale, ambayo yamewapokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya hamsini, wapo vijana waliotoka Uvira, Bukavu, Goma na Bujumbura, wanaonunua, wanaogombana na wanaoposa kwa Kiswahili. Nchi ina kiu, na kisima kimo ndani ya ua wake, nayo yatafuta ndoo mbali.

Nimekwisha kusikia jibu la mabwana wa lugha: "Kiswahili chao ni cha Kongo, si sanifu." Ndugu zangu, hicho sanifu tunachojivunia kilizaliwa lini? Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa wakaichagua lahaja ya Unguja iwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kuisimamia. Hakuna mtoto aliyetoka tumboni akisema sanifu. Ni kitu cha kufundishwa, na mahali pa kukifundisha ni chuoni. Kumnyima kijana chuo kwa kuwa hajui kinachofundishwa chuoni ni kumwambia asiingie majini mpaka ajue kuogelea.

Mlango wenyewe nao unazidi kuinuka. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 yataka kila mwalimu awe na shahada. Nia yake ni njema. Nani asiyetaka mwalimu aliyeelimika? Lakini njia ya zamani, ya kupata cheti kwa gharama ndogo, kufundisha, kuweka akiba na kisha kurudi kusoma, ndiyo iliyokuwa ngazi ya maskini. Anayeondoa ngazi hana budi kujenga nyingine, la sivyo ualimu utakuwa kazi ya watoto wa wenye nacho, nao hawautaki.

Basi nayasema mambo matatu ninayoyadai.

La kwanza: katika vyuo vya umma, kijana yeyote anayesomea kufundisha Kiswahili, mwenyeji au mkimbizi, atozwe ada ya mwananchi. Mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Rwanda na Burundi zimo katika Jumuiya tangu mwaka 2007, Kongo imeingia mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Kwa hiyo wengi wa watu wa Nakivale ni wana wa Jumuiya hiyo hiyo, waliovuka mipaka ya ndani tu. Haifai bidhaa ya Kongo ipokewe kama ndugu na mtoto wa Kongo apokewe kama mgeni. Mpaka hapo patakapotengenezwa, mwalimu amsaidie kijana kuuliza chuo kwa maandishi: nitahesabiwa mwananchi, mwana-Jumuiya, au mgeni? Jibu la maandishi hupunguza mashaka, na mara nyingine hupunguza ada.

La pili: chama chetu kianzishe mfuko. Najua mtacheka, maana mishahara yetu twaijua. Lakini nchini Kanada, tangu mwaka 1978, shirika la World University Service of Canada limekuwa likiwapeleka wakimbizi vyuoni, na sehemu kubwa ya fedha hutoka kwa wanafunzi wenyewe, ambao katika vyuo vingi wamekubali kukatwa ada ndogo kila mwaka. Wala hatuna haja ya kwenda Kanada kutafuta mfano. Mwezi Septemba mwaka 1959, ndege ya kwanza ya wanafunzi wa Tom Mboya ilipoondoka Nairobi kwenda Marekani ikiwa na vijana 81, jamaa na vijiji vilikuwa vimechanga masurufu yao kwa harambee. Haba na haba hujaza kibaba. Mwalimu mmoja kwa mwaka, mwenyeji mwaka huu na mkimbizi mwaka ujao, ni mwanzo usio wa aibu.

La tatu halihitaji hata senti. Kila mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari aweke daftari moja lenye gharama kamili za vyuo vya karibu, tarehe za maombi, njia ya kulinganisha vyeti, na majina ya wafadhili wa kweli. Alifungue kwa vijana wa kidato cha tano, wala asingoje wamalize cha sita. Mwaka 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulianza kutolewa kwa mafungu kufuatana na uhitaji, na mwaka 2025 misaada ikakatwa zaidi. Jamaa inayopunguziwa chakula haiwezi kupoteza mwaka mmoja kwa sababu ya tarehe iliyopita bila kujulikana.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Uganda ililitii neno hilo, ikawapa wageni wake wa Nakivale mashamba walime, na sifa hiyo haifutiki. Lakini ya tatu imekwisha kupita zamani. Wapo wazee Nakivale waliofika wakiwa watoto mgongoni. Mashamba yamegawanywa, watu wameongezeka, na wajukuu wao wamefaulu mitihani. Jembe la kijana huyu ni chaki. Tuliomba walimu wa Kiswahili, nao wako mlangoni na bahasha zao mkononi. Tukiwarudisha tena kwa neno la "Mungu atajalia", tusije kulalamika mwaka ujao kwamba vipindi vyetu havina mtu wa kuvishika.