Ruta hizi zenye tundu la USB

Ndugu Mhariri,

Nalalamikia wauzaji wa ruta za Wi-Fi zenye tundu la USB. Wanatuambia: chomeka diski hapo, ofisi nzima isome mafaili bila waya. Hawasemi kwamba prosesa ya ruta ya bei nafuu ni dhaifu, nayo ndiyo inayogawa intaneti na kuhudumia diski kwa wakati mmoja.

Studio yetu hurekodi harusi za hapa Kamembe na za Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Juzi bwana harusi mmoja alikaa akisubiri video yake, naye anataka kuvuka mpaka kabla ya giza, huku faili likinakiliwa kupitia ruta kwa kujikokota. Kijana wetu akaing'oa diski, akaichomeka kwenye kompyuta. Kazi ikaisha upesi. Kasi ya megabiti 480 kwa sekunde ya USB 2.0 ni ya nadharia, na ruta nyingi haziikaribii hata kidogo.

Naiomba RICA, inayolinda walaji nchini Rwanda, iwatake wauzaji waonyeshe kasi halisi ya kunakili, au waturuhusu kujaribu dukani kabla ya kulipa. Na msomaji mwenye ruta isiyomtesa atuandikie humu ni ya aina gani.

Msomaji wenu,
Kamembe, Rusizi