Rozela: soko hufungwa na mdudu wa ghalani

Ua la rozela, ambayo wengine huiita choya, huvutia macho, lakini hunyauka siku hiyo hiyo. Kinacholeta fedha ni kikombe chekundu kinachobaki kikizunguka tunda. Hicho ndicho hukaushwa kwa ajili ya chai na juisi.

Sudan, inayosifika kwa rozela ya Kordofan, iliingia vitani Aprili 2023. Mkulima wa Dodoma au Singida anaweza kuona hapo nafasi yake. Hata hivyo, kabla ya kupanua shamba, na atazame yaliyoikuta Nigeria. Mwaka 2017 Mexico, ambako kinywaji cha rozela hupendwa sana, ilizuia mzigo wa nchi hiyo baada ya kukuta wadudu. Ilichukua miaka kulirudisha soko hilo. Kosa halikuwa shambani, bali ghalani.

Rozela iliyoanikwa chini vumbini na kufungwa ikiwa na unyevu haiwezi kufika mbali. Chanja, magunia safi na ghala kavu ni gharama ndogo kuliko kontena lililorudishwa.

Wafanyabiashara nao wana lao. Wakilipa bei moja kwa mzigo safi na mchafu, mkulima ahangaikie usafi kwa faida gani?