Meza Imejaa, Si Kabati

Juma hili naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana naona kwamba kosa hilo laweza kutendeka katika nyumba nyingi, na hasara yake haina fidia.

Karibu na nyumba yangu, hapa Manika katika mji wa Kolwezi, anakaa mama mmoja mjane. Marehemu mume wake, aliyekuwa mfanyakazi wa mgodi, aliwaachia kompyuta ya zamani, nayo ndiyo mtoto wao wa kiume anayoitumia kujitayarisha kwa Mtihani wa Taifa. Jioni moja kijana alinijia mbio. Akaniambia, «Mwalimu, mashine imekwama. Nikifungua kivinjari cha intaneti, yaandika kwamba kumbukumbu haitoshi.» Mimi nilikuwa nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, wala sikuinua kichwa. Nikamjibu, «Futa vitu msivyovihitaji.»

Kijana huyo ni mtiifu. Alifuta michezo, akafuta nyimbo. Mashine ilipozidi kukwama, akafuta na folda iliyokuwa kubwa kuliko zote, akidhani kwamba mama yake alikwisha kuinakili katika simu. Ndani yake mlikuwa picha za baba yake. Kisha akamwaga na pipa la taka. Kesho yake kompyuta ilikwama vilevile kama jana.

Nilipoitwa kutazama, ndipo nilipofahamu kwamba shauri langu lilikuwa la bure tangu mwanzo. Tunalo neno moja, kumbukumbu, nasi twalitumia kwa vitu viwili. Kitu cha kwanza ni diski, mahali pa kuhifadhia picha, nyimbo na barua. Hiyo ni kama kabati ya darasa. Kitu cha pili ni kumbukumbu ya kazi, ambayo ni kama meza ya mwalimu: juu yake huwekwa tu yale yanayotumika saa hii, na mashine ikizimwa, yote huondolewa. Daftari lililolala kabatini halichukui nafasi mezani. Basi ukitupa madaftari ya kabati, meza iliyojaa itabaki imejaa. Ni kweli, diski iliyojaa kabisa huleta taabu yake. Lakini diski ya nyumba ile ilikuwa na nafasi tele. Iliyokuwa imejaa ni meza.

Meza ikijaa, kompyuta haina budi kuhamisha vitu kwenda diski na kuvirudisha kila mara. Kazi hiyo ni ya polepole sana. Ndiyo sababu taa ya diski humetameta bila kupumzika, na kishale hakiendi.

Lakini kwa nini kivinjari chachukua nafasi kubwa hivyo? Wengi husema ni kirusi. Mara nyingi si kirusi. Ninyi watoto wa wachimbaji mwaelewa jambo hili upesi kuliko wengine. Katika migodi mingi ya chini ya ardhi, wachimbaji huacha nguzo za mwamba kati ya chumba na chumba, ingawa ndani ya nguzo hizo mna shaba. Shaba hiyo si hasara. Ndiyo inayoshika dari. Na watu wa Kolwezi hawakusahau mwaka 1990, sehemu ya mgodi wa Kamoto ilipoporomoka.

Waliotengeneza vivinjari walifanya vivyo hivyo. Chrome, iliyotokea mwaka 2008, iliwekwa nguzo kati ya kurasa: kwa kawaida kila kichupo hufanya kazi katika chumba chake, ili ukurasa mmoja ukianguka usiangushe mingine. Mwaka 2018, baada ya kugunduliwa udhaifu ulioitwa Spectre ndani ya vichakato vya kompyuta, nguzo ziliongezwa, ili tovuti ya mwizi isiweze kusoma siri za tovuti ya benki. Google wenyewe walikiri kwamba ulinzi huo uliongeza matumizi ya kumbukumbu kwa kadiri ya sehemu 10 katika 100. Kwa hiyo nafasi nyingine ni gharama ya usalama, wala haifai kuilalamikia. Iliyo juu yetu ni ile tunayoijaza wenyewe.

Haya basi, tufuate utaratibu.

Kwanza, tazama kabla ya kufuta. Katika Windows, bonyeza pamoja Ctrl, Maj na Échap. Litafunguka dirisha la Gestionnaire des tâches, nawe utaona kumbukumbu imetumika kwa sehemu ngapi katika 100. Ikiwa inakaribia 100 na mashine ni nzito, ugonjwa ni huo. Ikiwa imetumika nyingi lakini mashine yaenda vizuri, iache. Kumbukumbu isiyotumika haina faida kwa mtu.

Pili, mtafute anayekula. Ndani ya Chrome bonyeza Maj na Échap. Ndani ya Firefox andika about:processes mahali pa anwani. Utaona kila ukurasa na kiasi chake. Kwa kijana wetu, mashine yenye gigabaiti 4 tu ilikuwa imefunguliwa vichupo zaidi ya 30, na viwili vyao vilikuwa vya video.

Tatu, funga visivyosomwa. Ukurasa unaoutaka kesho, uwekee alamisho, usiuache wazi. Ukurasa uliokaa wazi siku nyingi na kuvimba, ufunge kisha uufungue upya.

Nne, kagua viendelezi, yaani vile vijiprogramu vinavyobandikwa juu ya kivinjari. Kimoja tulichokiona kilijisifu kwamba huongeza kasi ya kompyuta, kumbe kilikuwa miongoni mwa walaji wakubwa. Tulikiondoa.

Tano, katika Chrome fungua Paramètres, kisha Performances, uwashe Économiseur de mémoire, iliyoletwa mwishoni mwa mwaka 2022. Hiyo huvilaza vichupo usivyovitumia. Lakini jihadharini: ukikirudia kichupo kilicholala, ukurasa hupakiwa upya, na mega zako huliwa tena. Hali kadhalika, kufuta akiba ya kivinjari si dawa ya meza iliyojaa. Akiba hiyo hukaa zaidi katika diski, na ukiifuta utanunua mega nyingine kwa kuzipakia kurasa zilezile.

Sita, ikiwa baada ya yote mashine bado yalemewa, muulize fundi kama yakubali kuongezewa kumbukumbu ya kazi, kwa mfano kutoka gigabaiti 4 hadi 8. Mara nyingi gharama yake ni ndogo kuliko bei ya kompyuta mpya. Lakini muulize pia kama Windows yake ni ya biti 32, maana hiyo haiwezi kutumia zaidi ya 4.

Tulipomaliza hatua ya nne tu, mashine ya kijana ilifanya kazi yake bila kukwama, na hadi leo anasomea hapo.

Na picha? Mtu akifuta kitu kwa makosa, yafaa aache kuitumia kompyuta mara moja na kumwita fundi, kwa kuwa mara nyingine kilichofutwa chaweza kurudishwa kabla hakijaandikwa kitu kingine juu yake. Sisi tulijua baada ya juma zima. Fundi alijaribu, hakupata kitu. Shemeji ya mama, aliyeko Likasi, alituma picha 4 zilizokuwa katika simu yake. Ni hizo tu.

Mama hakunikaripia. Aliniuliza neno moja: «Mwalimu, kwa hiyo zilifutwa bure?» Nilimjibu ndiyo, kwa sababu hapakuwa na jibu lingine.

Basi, wazazi, nakilini picha zenu mahali pawili, leo hii. Nanyi wanafunzi, mkiambiwa «futa», ulizeni kwanza: ni meza iliyojaa, au ni kabati? Na ikiwa mwalimu anawajibu bila kuinua kichwa, ngojeni mpaka akiinue.