Dhamana Isiyofika Magamba

Wauzaji wa vyombo vya umeme wamepata wimbo mpya. Chombo hakinywi petroli, wanasema, hakidai oili ya injini, tena kina dhamana ya kiwanda. Mawili ya kwanza ni kweli. La tatu linapaswa kuchunguzwa, hasa na mwananchi wa Magamba, Mpanda, anayekusudia kutoa akiba yake yote anunue gari au bajaji ya aina hiyo.

Betri ya lithiamu haifi kwa siku moja. Hupungukiwa uwezo wa kutunza umeme mwaka hadi mwaka, na joto huharakisha uchakavu huo. Hapo ndipo ujanja ulipojificha. Gari la Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010, lilipewa nchini Marekani dhamana ya betri ya miaka 8 au maili 100,000. Lakini ilihusu ubovu wa kiwandani tu. Kupungua kwa uwezo kuliitwa jambo la kawaida! Katika joto la Arizona wenye magari waliona vipimo vikishuka mapema mno. Wakalalamika, wakafika mahakamani. Desemba 2012 kampuni ilitangaza dhamana ya uwezo wenyewe: kwa miaka 5 au maili 60,000, betri isishuke chini ya vipande 9 kati ya 12 vya kipimo, yaani takriban asilimia 70.

Dhamana hiyo ilidaiwa, haikutunukiwa. Na mnunuzi wa gari kuukuu linaloshushwa bandarini Dar es Salaam kwa kawaida haimfikii: betri imekuja na uzee wake, dhamana imebaki ilikotoka.

Watetezi wa wauzaji watasema hata tairi huchakaa. Naam, lakini tairi mnunuzi huliona kwa macho likiisha, wala bei yake haikaribii ile ya betri. Uchoovu wa betri hupimwa kwa kifaa, na mara nyingi kifaa anacho muuzaji. Mshitakiwa ndiye mwenye mizani.

Mjini Kigali waendesha pikipiki za Ampersand hubadilishana betri vituoni; betri ni mali ya kampuni, na ikichoka hasara ni ya kampuni.

Tume ya Ushindani inayo Sheria ya 2003 ya kumlinda mlaji. Iwalazimishe wauzaji waandike, kwa Kiswahili, betri ina asilimia ngapi siku ya kuuzwa, ikishuka hadi wapi itabadilishwa, na nani atalipa nauli ya kuirudisha kutoka Mpanda.