Plasta ya mguu nayo yahitaji kuimarishwa

Mkazi yeyote wa Kitale au Bungoma anajua jinsi ajali za bodaboda zinavyowaacha watu na mifupa iliyovunjika. Majeruhi hufikishwa hospitalini, hufungwa plasta, kisha hurudi nyumbani kwa magongo. Kwa wengine, taabu ya pili huanzia hapo. Plasta hulowa matopeni, hulegea kisiginoni na kupasuka kwenye kifundo. Mfupa uliokuwa umenyooshwa vyema huweza kupinda tena, na mgonjwa hulazimika kupanda matatu kurudi kufungwa upya.

Maoni yangu ni kwamba hasara hii inaweza kupunguzwa kwa njia isiyo ya anasa, yaani kuimarisha plasta ya kawaida kwa tabaka moja au mawili ya faibaglasi.

Inafaa kwanza tuielewe plasta yenyewe. Ni unga wa jasi uliopakwa kwenye bendeji, ujuzi ulioletwa na daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, mwaka 1851. Ikichovywa majini hupata joto na kuganda kwa dakika chache. Sifa yake kubwa ni kwamba hutii mkono. Mhudumu huifinyanga ikafuata umbo la mguu na kuushika mfupa mahali pake. Tena ni rahisi kununua.

Lakini kuganda si kukauka. Plasta nene ya mguu huhitaji saa 48 hadi 72 kabla ya kukanyagiwa. Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hauna joto la kuiharakisha, hasa msimu wa mvua. Na hata ikishakauka, maji kidogo tu huilainisha.

Faibaglasi ni kitu tofauti. Ni nyuzi za kioo zilizofumwa kama kitambaa na kulowekwa katika gundi maalumu inayokuwa ngumu ikikutana na maji. Huja katika pakiti iliyozibwa, kwani ikiachwa wazi unyevu wa hewani huiharibu. Mhudumu huvaa glavu, maana gundi hiyo ikishika mkono haitoki upesi. Baada ya nusu saa hivi huwa imekomaa kiasi cha kubeba uzito. Ni nyepesi, ni imara na haiyeyuki kwa maji. Kasoro zake ni bei, ambayo hupita ile ya plasta mara kadhaa, na ugumu wake wa kufinyangwa.

Ndiyo maana nasema tuzioanishe. Wazee wetu wa Bungoma hawakujenga nyumba kwa udongo mtupu. Udongo ulitoa umbo la ukuta, fito zikaushika usianguke. Vivyo hivyo, plasta ifanye kazi ya kushika umbo la mfupa, nayo faibaglasi izungushwe juu yake baada ya plasta kukauka, hasa unyayoni, kisiginoni na kwenye kifundo. Kwa njia hiyo bendeji chache za bei ghali zinatosha, badala ya kuufunga mguu mzima kwa faibaglasi pekee.

Sisemi kila mtu afungwe hivyo. Siku za kwanza mguu huvimba, na ganda gumu lililozunguka mguu mzima wakati huo laweza kuzuia damu. Hapo nusu plasta ndiyo salama. Watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda, wanaobadilishiwa plasta kila juma kwa utaratibu wa Ponseti, huhitaji zaidi ule ulaini wa plasta ya kawaida. Anayestahili koti la faibaglasi ni yule ambaye uvimbe umeshuka, daktari amemruhusu kukanyaga, na nyumbani kwake njia ni ya matope.

Ieleweke pia kwamba faibaglasi ya hospitali si ile ya mafundi wa jua kali wanaoziba bampa za magari. Gundi ya karakana huchemka inapokuwa ngumu na mvuke wake ni mkali. Isiguse mwili wa mgonjwa kamwe. Mwenye plasta iliyopasuka asijitengenezee mwenyewe, bali arudi kliniki.

Serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zinaponunua vifaa ziweke faibaglasi katika orodha, pamoja na msumeno wa umeme wa kuikatia. Meno ya msumeno huo hutikisika tu bila kuzunguka, hivyo hukata kitu kigumu na kuiacha ngozi, ingawa ukishika moto waweza kuunguza. Kufunga ganda gumu mahali pasipo na chombo cha kulifungua haraka ni kumtega mgonjwa. Wananchi wanaochangia SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, wana haki ya kuuliza vifaa hivi viko wapi.

Nao wagonjwa wana wajibu wao. Faibaglasi haiyeyuki, lakini pamba iliyo ndani hunywa maji na kuozesha ngozi, kwa hiyo usiiogee. Usiingize kijiti kujikuna. Ukiona maumivu yanazidi badala ya kupungua, vidole vimekufa ganzi, vimekuwa baridi au vimebadilika rangi, au harufu mbaya inatoka ndani, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kungoja tarehe ya kliniki kwaweza kukugharimu mguu.

Kijana akivunjika mguu, shamba hukosa mlimaji na nyumba hukosa mlishaji kwa wiki nyingi. Mfupa ukiunga vibaya, wiki hizo zaweza kugeuka kilema cha maisha. Bendeji moja ya faibaglasi ni ghali, lakini kilema ni ghali zaidi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.